Boliti za Gurudumu la Pikipiki: Ipi Irudi, Ipi Itupwe

Katika pikipiki ya biashara, ni vigumu kutaja sehemu inayofunguliwa mara nyingi kuliko gurudumu la nyuma. Pancha ikitokea, linatoka. Cheni ikilegea, nati ya ekseli inafunguliwa ili gurudumu livutwe nyuma. Breki shuu zikiisha, beringi zikianza kulia, raba za spoketi zikisagika, kazi ni ileile: spana mbili, nati inalegezwa, ekseli inagongwa itoke, na vyuma vidogo vinatandazwa juu ya kipande cha gunia. Baada ya muda si mrefu vyuma hivyo vinarudishwa vilikotoka. Ni nadra mtu kuuliza kama vyote vinastahili kurudi.

Swali huibuka siku ambayo diski ya breki imeliwa na lazima ibadilishwe, au fundi anapoishika nati yenye kutu na kuigeuzageuza mbele ya mwenye pikipiki. Mmoja atasema bado nzima, irudi. Mwingine atashikilia kwamba boliti ya gurudumu haitumiki mara mbili hata siku moja. Mabishano hayo yana jibu, ila jibu lenyewe halifanani kwa kila chuma. Ipo ekseli inayoweza kutoka na kurudi miaka kumi bila tatizo, na ipo pini ya bei ndogo kabisa ambayo ikirudishwa mara ya pili inaweza kumwangusha dereva na abiria wake.

Ili kujua ipi ni ipi, inafaa kwanza kuelewa boliti inashika vipi. Wengi hudhani inazuia vitu visiachane kwa sababu tu imepita kwenye matundu na kufungwa nati. Sivyo. Boliti ikikazwa, inarefuka. Urefu unaoongezeka ni mdogo mno kuonekana kwa jicho, lakini ndio unaofanya kazi yote: chuma kilichovutwa kinataka kurudi kilivyokuwa, na katika kutaka kurudi kinabana diski kwenye habu au spoketi kwenye kibebeo chake. Ni kama ule mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu ambao madereva wa bodaboda hufungia mzigo. Haushiki kwa kuwa umezungushwa. Unashika kwa kuwa umevutwa. Ukivutwa kwa kiasi, utafanya kazi kesho na keshokutwa. Ukivutwa kupita kiasi unalegea moja kwa moja, na hata ukifungwa upya mzigo utacheza.

Chuma nacho kina mpaka wake. Boliti ambayo haijawahi kuuvuka inarudi kwenye urefu wake kila inapolegezwa, na kwa upande wa nguvu haina sababu ya kutupwa. Iliyouvuka mara moja imeshabadilika kwa ndani. Inaweza kung'aa kama mpya na meno yake yakaonekana safi, lakini nguvu yake ya kubana haiaminiki tena. Tabu ni kwamba mwenye kuishika mkononi hajui ilikazwaje mara ya mwisho, wala na nani, wala kwa spana ya urefu gani.

Kuna jambo jingine ambalo hata mafundi wazoefu hulishangaa wakilisikia mara ya kwanza. Nguvu ya mkono inayotumika kukaza haiendi yote kwenye kuivuta boliti. Takriban nusu yake huishia katika msuguano chini ya kichwa cha boliti au nati, na asilimia 40 hivi huishia katika msuguano wa meno. Inayobaki, asilimia 10 tu au karibu na hapo, ndiyo inayobana. Kwa hiyo badiliko dogo la msuguano hubadilisha sana ubanaji. Boliti yenye kutu na vumbi ndani ya meno itafika kwenye kipimo cha spana huku imebana kidogo. Iliyopakwa grisi ilhali kiwanda kiliagiza ikazwe kavu itafika kipimo kilekile ikiwa imevutwa mno. Anayerudisha boliti ya zamani bila kuisafisha anakuwa ameshapoteza kipimo, hata akiwa na spana ya bei ghali.

Kulegea kwenyewe kulichunguzwa kwa makini na mhandisi Mjerumani, Gerhard Junker, ambaye mwaka 1969 alichapisha matokeo ya majaribio yake juu ya boliti zinazotikiswa. Alionyesha kwamba kinachofungua boliti zaidi ya kitu kingine ni mtikisiko wa pembeni: vipande viwili vilivyobanwa vikianza kuteleza kidogo, huku na huku, msuguano wa meno unashindwa na nati inaanza kujizungusha yenyewe. Ubanaji ukiwa wa kutosha kiasi kwamba vipande havitelezi kabisa, nati haina sababu ya kutoka. Majaribio ya aina hiyo yameonyesha pia kwamba springi washa, ile iliyopasuliwa upande mmoja na ambayo mafundi wengi huiamini kupita kiasi, haizuii kulegea kwa namna hii. Fundi anayerudisha nati iliyochoka na kuongeza springi washa mbili ili "ishike" hajatibu ugonjwa. Katika barabara ya vumbi yenye makorongo, mtikisiko wa pembeni ndicho chakula cha kila siku cha gurudumu.

Boliti za diski ya breki ndizo za kusimamiwa kwa ukali kuliko zote. Dereva anapokanyaga au kukamata breki, kalipa inaing'ang'ania diski, na nguvu yote ya breki hiyo ya kuisimamisha pikipiki na walioipanda inapita kwenye boliti nne, tano au sita kuelekea kwenye habu. Juu ya hapo kuna joto: diski inapashwa moto na kupoa mara mamia kwa siku ya kazi mjini.

Katika miongozo mingi ya Honda, boliti hizi zimewekewa maelekezo mafupi: ni boliti zenye gundi ya kiwandani, zikifunguliwa ziwekwe mpya. BMW nayo huagiza vivyo hivyo kwa boliti zake za aina hiyo. Sababu iko kwenye ile rangi kavu inayoonekana kwenye meno ya boliti mpya. Ndani yake kuna vijifuko vidogo sana vya gundi. Boliti inapokazwa mara ya kwanza vijifuko vinapasuka, gundi inatoka, inakauka na kushika. Kazi hiyo inafanyika mara moja tu. Boliti ikitolewa, kinachobaki kwenye meno ni unga wa gundi iliyokufa, ambao haushiki chochote na unavuruga msuguano uliotajwa hapo juu.

Je, mtu aliye mbali na duka la vipuri afanye nini? Hapa mwandishi wa makala haya ana msimamo, na anautetea. Boliti mpya ya kiwanda ndiyo chaguo la kwanza. Ikikosekana kwa siku hizo, ya zamani iliyo nzima, iliyosafishwa kwa brashi ya waya hadi meno yawe meupe, ikapakwa gundi mpya ya boliti na kukazwa kwa kipimo, ni salama zaidi kuliko boliti mpya ya kuokoteza kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Tundu la habu nalo lisafishwe. Gundi ya zamani ikibaki chini ya tundu, boliti itagota kabla kichwa hakijabana. Kisha boliti za kiwanda ziagizwe, na kazi irudiwe zikifika.

Gundi hizo zina historia fupi inayofaa kujulikana. Mwaka 1953 profesa wa kemia wa Marekani, Vernon Krieble, aliunda kimiminika kinachobaki majimaji kikiwa kwenye hewa lakini kinakuwa kigumu kikikosa hewa na kugusana na chuma, yaani hasa katika hali iliyomo ndani ya meno ya boliti iliyokazwa. Ndiyo ikaja kuitwa Loctite. Ya buluu ina nguvu ya kati na hufunguka kwa spana za kawaida. Kwa boliti nyingi za pikipiki inatosha. Nyekundu ni ya kudumu, na kuifungua huhitaji joto la karibu nyuzi 250 za Selsiasi. Fundi aliyepaka nyekundu kwenye habu ya alumini amemwachia fundi anayefuata kazi ya kuvunja vichwa vya boliti. Tone moja au mawili yanatosha, kwenye meno yaliyokauka na yasiyo na mafuta, na gundi ipewe saa 24 kabla ya pikipiki kubebeshwa kazi nzito. Tone lisidondoke kwenye diski wala pedi.

Kwa nini boliti ya duka la vifaa inatiliwa shaka kiasi hiki? Zipo sababu tatu, na ya kwanza ni nguvu ya chuma chenyewe. Kichwani mwa boliti nzuri pamechorwa namba: 8.8, 10.9 au 12.9. Namba ya kwanza ikizidishwa kwa 100 inaeleza nguvu ya kukatika kwa kipimo cha megapaskali, na ya pili inaeleza ni sehemu ngapi za kumi za nguvu hiyo boliti inaweza kubeba kabla ya kuvuka mpaka wake. Boliti ya 8.8 ina nguvu ya 800 na mpaka wa 640, ya 10.9 ina 1,000 na mpaka wa 900. Isiyo na namba yoyote haina wa kuisemea.

Hesabu ya mfano mmoja inatosha. Boliti ya 8.8 yenye unene wa milimita 8 hukazwa kwa takriban Nyutoni-mita 25. Honda, katika miongozo yake kadhaa, inataka boliti za diski zenye unene huohuo zikazwe kwa Nyutoni-mita 42, zaidi ya mara moja na nusu. Boliti ya diski, kwa maneno mengine, imetengenezwa kwa chuma kingine kabisa. Anayeweka ya 8.8 na kuikaza kwa kipimo cha mwongozo anaivuta hadi kuvuka mpaka wake siku ileile ya kwanza. Anayeikaza kwa kipimo cha boliti ya 8.8 anaiacha diski bila ubanaji iliouhitaji. Njia zote mbili ni mbaya. Zile boliti za chuma kisichoshika kutu zinazopendwa kwa mng'aro wake, zenye alama ya A2-70, zina nguvu ya 700 na mpaka wa 450 tu. Zifunge kava na namba ya pikipiki. Kwenye breki hazina kazi.

Sababu ya pili ni meno, au thredi kama wasemavyo mafundi. Boliti ya milimita 10 inayouzwa kwa wingi madukani ina hatua ya milimita 1.5 kutoka jino hadi jino. Pikipiki nyingi za Kijapani, na nyingi zilizofuata desturi hiyo, hutumia milimita 1.25 kwa unene uleule. Boliti ya 1.5 ikiingizwa kwenye tundu la 1.25 inaanza vizuri, inazunguka mara mbili au tatu, kisha inakuwa nzito. Mwenye haraka husema imebana. Akiongeza nguvu, anakuwa anakata meno ya habu ya alumini, na habu ni ghali kuliko mfuko mzima wa boliti.

Sababu ya tatu ni umbo. Boliti nyingi za diski zina kichwa chembamba kisichogusa kalipa wala foku, na baadhi zina shingo nene inayoiweka diski katikati barabara. Ikiwa ndefu kwa milimita mbili inagota chini ya tundu. Ikiwa fupi inashikwa na meno mawili matatu tu.

Hatari ya "mpya lakini siyo yenyewe" ilidhihirika angani kuliko mahali pengine popote. Tarehe 10 Juni 1990, ndege ya British Airways, safari namba 5390, iliruka kutoka Birmingham, Uingereza, kwenda Málaga, Hispania. Ikiwa kwenye futi 17,300 kioo cha mbele upande wa rubani kiling'oka, na Kapteni Tim Lancaster akavutwa nje nusu mwili. Wahudumu walimshika miguu mpaka rubani msaidizi alipotua Southampton, na kila mtu aliyekuwamo akatoka hai. Kioo kile kilikuwa kimewekwa usiku wa kuamkia siku iliyotangulia, na boliti zake zilikuwa mpya. Uchunguzi ulionyesha kwamba kati ya boliti 90, 84 zilikuwa nyembamba kuliko ipasavyo kwa takriban milimita 0.66, na sita zilizosalia zilikuwa fupi. Zilichaguliwa kwa kulinganisha na ya zamani kwa macho, usiku, kwenye stoo yenye mwanga hafifu, badala ya kusoma namba kwenye kitabu. Tofauti ya milimita 0.66 hakuna jicho la kuiona juu ya kaunta ya duka la vipuri, iwe Kariakoo au barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi. Namba ya kipuri, aina ya pikipiki na mwaka wake vinaiona.

Ekseli ni habari nyingine. Ni chuma kinene, imara, na viwanda hutarajia itoke na kurudi kwa miaka. Inapotoka inafaa ifutwe grisi ya zamani na kuviringishwa juu ya kioo au vigae vilivyonyooka. Ikirukaruka imepinda, na ekseli iliyopinda hainyooshwi kwa nyundo, inabadilishwa. Mahali beringi zinapokaa paguswe kwa ukucha: pakiwa na ngazi inayokamata ukucha, beringi imekuwa ikizunguka juu ya ekseli badala ya kuzunguka yenyewe kwa ndani, na beringi mpya haitaponya hilo. Kutu ya juujuu inasafishwa kwa msasa laini, inapakwa grisi nyepesi kwenye mwili wa ekseli, na meno yanaachwa makavu isipokuwa mwongozo uagize vingine.

Nati yake ndiyo inayochoka. Kila cheni inapokazwa, nati hii inafunguliwa, na pikipiki inayoshinda barabarani hukazwa cheni mara kwa mara. Nyingi ni nati za kujifunga, ama kwa pete ya nailoni ama kwa meno yaliyobanwa makusudi upande wa juu. Kipimo chake kinafanyika kwa vidole: nati ya kujifunga inayozunguka kwa vidole hadi mwisho bila kugoma imeshamaliza kazi yake. Ile ya nailoni isiwekwe karibu na diski, kwani nailoni huanza kupoteza nguvu kwenye nyuzi 120 hivi. Kununua nati mpya ya ekseli kila pikipiki inapobadilishwa tairi ya nyuma ni desturi nzuri na haimfilisi mtu.

Pale ambapo nati ina mapengo na kota pini, kuna sheria moja isiyo na majadiliano. Kota pini haikunjwi mara mbili. Waya uliokunjwa, ukanyooshwa, ukakunjwa tena, una ufa hata kama hauonekani. Na mapengo yasipolingana na tundu la ekseli, nati inasogezwa mbele kidogo hadi pengo linalofuata. Kuirudisha nyuma ni kupunguza ubanaji ambao umetoka kupimwa.

Pini ileile ina kazi nzito zaidi mahali ambapo wengi hawapaangalii. Pikipiki nyingi ndogo zenye breki ya drami nyuma zina fito ya chuma inayounganisha sahani ya breki na swingi amu, ili sahani isizunguke pamoja na gurudumu dereva anapokanyaga breki. Fito hiyo inashikwa na boliti moja kila upande, na mara nyingi na kota pini. Ikitolewa wakati wa kuziba pancha, kisha boliti ikarudishwa bila pini, au kwa kipande cha waya wa ujenzi, inaweza kufunguka. Siku itakayodondoka, breki ya kwanza itaizungusha sahani, itang'oa fito ya breki, na gurudumu linaweza kukwama ghafla katikati ya barabara. Abiria aliyekaa nyuma hana namna ya kujua. Kwa hiyo boliti hii ikiwa na meno yaliyolika au shingo iliyokatika kidogo kwa kucheza ndani ya tundu, isirudi. Pini iwe mpya kila mara, bila kujali pancha ni ya ngapi wiki hiyo. Katika drami ya mbele kuna mfereji kwenye sahani unaopaswa kuingia kwenye jino la foku. Nao unasahaulika, na matokeo yake ni yaleyale.

Upande wa spoketi mambo hayana ukali kama wa diski, ila uzembe wake ni wa polepole. Nati zake mara nyingi huzuiwa kwa washa za kukunja, ambazo sikio la kila moja hukunjwa mara moja tu. Likiwapo sikio jingine ambalo halijawahi kukunjwa, washa inaweza kutumika. Yakiwa yote yameshakunjwa, iende. Boliti za kusimama zilizopandikizwa kwenye kibebeo zichunguzwe pia: ikiwa nati inafunguliwa na boliti inazunguka nayo, mshiko wake kwenye alumini umekwisha. Matundu ya spoketi ya zamani yakionekana yamekuwa mviringo wa yai, hiyo ni barua kwamba nati zilikuwa zimelegea muda mrefu, na boliti zilizokaa humo zimekatwa pembeni. Spoketi mpya iliyofungwa kwa boliti hizo itaharibika kwa njia ileile.

Baada ya uchakavu, adui mkubwa anayebaki ni bomba. Karibu kila gereji ina kipande cha bomba la maji kinachovalishwa kwenye mkono wa spana ili kuongeza nguvu. Kwa kufungua boliti iliyoganda, sawa. Kwa kukaza, ni kuharibu. Mwaka 2015 BMW iliagiza zirudishwe kwa marekebisho pikipiki zake zaidi ya 40,000 nchini Marekani, zikiwamo R 1200 GS, ambazo gurudumu la nyuma hufungwa kwa boliti tano upande mmoja kama la gari. Ilibainika kwamba boliti hizo zikikazwa kupita kiasi, kikombe cha alumini kinachobeba gurudumu kinaweza kupasuka na boliti zikalegea. Kampuni ilibadilisha kikombe hicho kwa cha chuma. Kipimo cha boliti hizo ni Nyutoni-mita 60 tu, kiasi ambacho mtu mzima anakipita bila kutoa jasho.

Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, haipo katika gereji nyingi za mitaani. Hilo halimzuii fundi makini. Nguvu ya kilo 20 ikivutwa kwenye spana yenye urefu wa sentimita 30 kutoka katikati ya nati hadi mahali inaposhikwa, hutoa karibu Nyutoni-mita 59. Ile mizani ndogo ya ndoano inayotumika sokoni inaweza kufungwa kwenye mkono wa spana na kuvutwa kwa pembe mraba mpaka isome kilo zinazotakiwa. Kwa Nyutoni-mita 42 na spana ya sentimita 20, mizani isome kilo 21 na kidogo. Boliti za diski zikazwe kwa kuvuka upande hadi upande, kwa awamu mbili, ili diski ikae bapa.

Kabla ya chochote kurudi, uchunguzi ufanyike mchana na kwa mikono mikavu. Nati nzuri, iliyo ya kawaida, huteremka kwenye boliti kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikigoma katikati, boliti imerefuka na meno yake yameachana. Boliti ya zamani ilazwe kando ya mpya, meno yakiangaliana: yakiacha kulingana kabla ya mwisho, ya zamani imevutika. Shingo iliyopungua unene, ufa chini ya kichwa, tundu la alen lililoviringika, kutu iliyochimba vishimo, kila kimoja kinatosha kuihukumu boliti bila kungoja cha pili. Na ikiwa boliti moja ya diski imevunjika au imekutwa imelegea, zote za diski hiyo zitoke, maana zilizobaki zilikuwa zimebeba mzigo wa mwenzao.

Meno yakifa ndani ya habu yenyewe, dawa si kuweka boliti nene zaidi wala kuzungushia karatasi ya sigara. Kuna koili za waya wa chuma zinazouzwa kwa ajili hiyo, maarufu kwa jina la Helicoil: tundu linapanuliwa, linachongwa meno mapya, koili inaingizwa, na boliti ya kipimo kilekile inarudi. Ikifanywa na fundi wa mashine aliye mwangalifu, meno hayo hushika vizuri kuliko ya alumini yaliyokuwapo.

Kazi ikishaisha, mstari mwembamba wa rangi upakwe kutoka kwenye nati au kichwa cha boliti hadi kwenye chuma kilicho jirani. Boliti zenye gundi hazipaswi kujaribiwa kwa spana kila asubuhi, kwa sababu kuzisogeza baada ya gundi kukauka ni kuivunja. Mstari unatazamwa kwa sekunde chache kabla ya safari ya kwanza, na ukionekana umeachana, pikipiki haiendi kokote mpaka boliti hiyo itolewe na kuwekwa nyingine.

Boliti zilizokataliwa zikatwe kwa msumeno au zipigwe nyundo meno hapohapo, mwenye pikipiki akiona. Kila gereji ina kopo la boliti za akiba, na boliti ya diski iliyochoka ikitupwa humo ikiwa nzima, haitapita miezi mingi kabla ya kuokotwa na mwanafunzi wa ufundi anayetafuta ya milimita 8 kwa haraka, mteja akiwa amesimama.